Kasuku mkubwa au kinda: yupi wa kumkaribisha nyumbani?

Wengi wanaotaka kufuga kasuku huwa wameshaamua kabla ya kuuliza: wanataka kinda. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Kwa hoja hiyo, kasuku wa miaka 12 anayetafutiwa nyumba kwa sababu mwenyewe amehama, amefariki au amepata mtoto mchanga, huhesabiwa kuwa samaki aliyekwisha kukauka. Anapitwa, na anayechukuliwa ni ndege wa miezi minne.

Nimelea wote wawili, na kwa ndege huyu siikubali methali hiyo. Kinda ana ugumu wake na mkubwa ana wake. Kinachowatofautisha ni lini ugumu huo unajitokeza. Wa mkubwa unauona mapema, pengine siku ile ile unapokwenda kumtazama: anapiga ukelele, anang'ata, amejinyonyoa manyoya ya kifua, hawataki wanaume wenye ndevu. Wa kinda umefunikwa na utoto. Utauona baada ya miaka, wakati umeshazoea kujiambia kuwa una ndege mpole na nyumba nzima imepangwa kwa kuamini hivyo.

Hesabu ya miaka kwanza

Bajerigari, kasuku mdogo wa tunduni, akitunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 10. Kokateli, kasuku mdogo mwenye kishungi, hufika 15 hadi 20, na wapo wanaopita hapo. Kasuku wa kijivu wa Afrika huweza kuishi miaka 40 na zaidi akilishwa na kutunzwa inavyostahili, na kakatua (kasuku wenye kishungi) wa aina kubwa hali kadhalika. Cookie, kakatua wa bustani ya wanyama ya Brookfield karibu na Chicago, alikuwa pale tangu bustani hiyo ilipofunguliwa mwaka 1934, akafa mwaka 2016 akiwa na miaka 83. Watunzaji wake wa kwanza walikuwa wamekwisha kustaafu siku nyingi.

Sasa weka umri wako kando ya umri wake. Mtu wa miaka 50 akichukua kinda wa kasuku wa kijivu anapaswa kumjua leo hii atakayemrithi ndege huyo, na mrithi awe amekubali kwa mdomo wake mwenyewe. Akichukua kasuku wa miaka 25, hesabu inaanza kulingana. Jambo hili peke yake lingewageuza watu wengi kama wauzaji wangelitaja. Kwa bajerigari na kokateli halina uzito kiasi hicho, na hapo unaweza kuchagua kwa vigezo vingine.

Wiki za mwanzo

Mkubwa akifika, tarajia ukimya. Atasimama kwenye kijiti cha juu kabisa, pembe ya mbali, manyoya yamebana mwilini, akikutazama kwa jicho moja. Huenda asitamke neno hata kama mwenyewe wa kwanza aliapa kuwa anaongea kutwa nzima. Chakula atakula ukitoka chumbani. Hali hii huchukua siku chache au wiki kadhaa, na haiharakishwi. Tundu lake liwe na ukuta nyuma, ili asilazimike kulinda pande zote nne, na liwe mahali anapoiona familia bila watu kumpitia karibu kila dakika. Ukiweza kumchukua pamoja na tundu lake la zamani, mchukue nalo hata kama ni baya. Utalibadilisha baadaye.

Kisha huja jambo ambalo wengi hawakuambiwa. Baada ya ukimya kuna kipindi cha upole, na baada ya upole kuna majaribio. Ndege ameshaijua nyumba, sasa anapima nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, na ataung'ata mkono aliokuwa akiupanda wiki iliyopita. Wapo wanaomrudisha hapo hapo wakiamini wamedanganywa. Hawakudanganywa. Ndege ndiyo kwanza anaanza kujiona yuko kwao, na akirudishwa wakati huo anapoteza nyumba ya pili bila kosa lolote.

Kinda huja na vurugu badala ya ukimya. Anataka kubebwa, analilia chakula huku akitikisa kichwa, anaruka vibaya na kugonga ukuta. Vijiti vyake viwe chini, na sakafu ya tundu iwe na kitu laini. Akiruhusiwa kujifunza kuruka vizuri kabla ya mtu yeyote kufikiria kumkata mabawa, hukua akiwa mkakamavu na asiye mwoga.

Hatari kubwa ya kinda iko kwenye kulishwa. Kasuku wa kijivu huanza kujilisha mwenyewe kikamilifu akiwa na takriban wiki 12 hadi 16. Baadhi ya wauzaji hutoa makinda ambao bado wanalishwa uji kwa bomba la sindano, wakisema ndivyo ndege atakavyokupenda. Usikubali. Uji huo unatakiwa kuwa karibu nyuzi 39 hadi 41 za Selsiasi. Ukizidi moto, huunguza kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, na baada ya siku kadhaa jeraha linaweza kutoboka hadi nje ya ngozi. Ukiingia njia ya hewa, unaishia kwenye mapafu, na kinda anaweza kufa. Kinda anayelelewa na wazazi wake huku akishikwa na binadamu mara kwa mara huzoea watu vizuri tu, na hukua akijua kuwa yeye ni ndege.

Kwa wote wawili, nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kasuku huficha ugonjwa. Ukimwona amejikunyata na manyoya yamefura, huenda ameumwa siku kadhaa tayari. Uzito husema mapema. Mpime asubuhi kabla hajala, uandike. Kasuku wa kijivu wengi wana gramu 400 hadi 500, kwa hiyo kupungua gramu 40 au 50 ni sehemu ya kumi ya mwili mzima. Hapo mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua ndege, siku hiyo hiyo.

Mizani hiyo ina kazi zaidi kwa mkubwa. Ndege aliyelishwa mbegu za alizeti miaka 15 hatambui kuwa peleti, yaani punje za chakula kilichotengenezwa kiwandani, ni chakula, na anaweza kudhoofika kwa njaa mbele ya bakuli lililojaa. Wiki za kwanza mpe kile kile alichozoea, hata kama unajua si kizuri. Mabadiliko yaje akishatulia, kidogo kidogo, kwa kuchanganya, huku uzito ukifuatiliwa. Katika jambo hili kinda ana ubora usiopingika: hula anachoonyeshwa. Mboga za majani, karoti, boga na peleti akivijua miezi ya mwanzo, atavila maisha yake yote.

Mkono

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, na hapa ndipo methali ya samaki inapowapoteza watu.

Kwa kinda mkono ni kitu cha kawaida. Anaupanda bila kusita. Kwa mkubwa mkono una historia ambayo wewe huijui. Huenda ndio uliomfunika taulo, uliomkata mabawa, au uliomrudisha tunduni kila alipoanza kufurahi.

Mtazame unapompa njugu kati ya nondo. Mwili unarudi nyuma huku shingo ikibaki mbele. Mboni za macho zinasinyaa na kupanuka kwa haraka. Mguu mmoja unanyanyuka, unasita, unashuka. Anasogea hatua moja ya ubavu, anasimama, anasogea nyingine. Mwishowe anaichukua njugu kwa ncha ya mdomo na kuidondosha bila kuila, kwa kuwa muda wote alikuwa anakuangalia wewe. Siku hiyo usitake zaidi. Ondoka yeye akiwa bado angependa ubaki. Kesho atakuja upesi kidogo, na siku atakapoila njugu mbele yako bila kukukazia macho, utakuwa umepiga hatua kubwa kuliko kinda aliyekupanda begani siku ya kwanza.

Nyenzo nzuri kuliko zote kwa mkubwa mwoga ni kijiti kidogo. Akigusa ncha yake kwa mdomo, anapata kitu anachokipenda. Ndivyo hivyo tu, dakika chache kwa siku. Akishaelewa, atakifuata kijiti hadi kwenye mizani, hadi kwenye kisanduku cha kusafiria, hadi tunduni jioni, bila mkono wako kumlazimisha lolote. Unapomwongoza namna hii ana uwezo wa kukataa, na kasuku mwenye uwezo wa kukataa hana haja kubwa ya kung'ata.

Maana kasuku karibu kila mara hutoa taarifa kabla ya kung'ata. Manyoya ya kisogo yanasimama, mkia unatanuliwa, mwili unakuwa mkavu, mboni zinacheza. Anayeng'ata "bila sababu" mara nyingi ni yule aliyetoa taarifa hizo miaka mingi bila kusikilizwa, akajifunza kuwa hazisaidii. Ndege wa namna hiyo anarudi kuzitumia akiona zinaheshimiwa. Nimeliona likitokea, na ni moja ya mambo yanayonifanya niwapende kasuku wakubwa.

Turudi kwa kinda. Urahisi wake unamponza. Kwa kuwa hang'ati, anabebwa kutwa nzima miezi ya kwanza. Kila mtu wa nyumbani anamtaka. Kisha likizo inakwisha, watu wanarudi kazini, na ndege ambaye hajawahi kujifunza kukaa peke yake anaanza kupiga ukelele kuanzia mlango unapofungwa. Kinda lazima azoeshwe mapema kucheza mwenyewe tunduni, hata wakati watu wapo, na awe na vitu vya kutafuna na kuchanachana.

Halafu inakuja balehe. Kwa kokateli ni ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa kasuku wa kijivu ni kati ya miaka 3 na 6 hivi. Ndege anachagua mtu mmoja na kuwafukuza wengine. Analinda pembe ya kabati kama kiota. Anacheua chakula kwa ajili ya anayempenda. Anamng'ata yule yule aliyemlisha utotoni. Waliomzoesha kupapaswa mgongoni na chini ya mabawa hupata taabu zaidi, kwa sababu kwa kasuku hayo ni ya wenzi. Papasa kichwa na shingo basi. Mnyime masanduku na mapango ya giza, hakikisha analala kwa muda wa saa 10 hadi 12 kila usiku, na usimpe sababu ya kukuona mwenzi wake wa kiota.

Mfugaji wa kinda atayaishi haya yote siku moja, na kabla ya hapo hawezi kujua yatakuwa makali kiasi gani. Mkubwa ameshayapita. Majira ya kutaka kuzaa bado humjia, lakini tabia yake ya utu uzima unaiona ilivyo, na unaweza kujiuliza kwa uwazi kama unaiweza.

Kuna jambo moja ambalo kinda anakupa na mkubwa hakuhakikishii: kukukubali. Mkubwa huchagua. Mnaweza kumchukua kwa ajili ya mama mwenye nyumba, yeye akampenda kijana aliyekuja kusaidia kubeba tundu. Ndiyo maana kwenda kumtazama ni kazi ya familia nzima.

Maneno na kelele

Anayetaka kasuku anayeongea amchukue anayeongea tayari. Kinda hajaahidi kitu. Wapo wa kijivu wasiosema neno maishani. Alex, kasuku wa kijivu aliyechunguzwa na mwanasayansi Irene Pepperberg tangu mwaka 1977 hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007, alijifunza maneno zaidi ya 100 na aliweza kutaja rangi na maumbo, lakini nyuma yake kulikuwa na miaka 30 ya mazoezi ya watu waliofanya hiyo kuwa kazi yao.

Mkubwa naye anakuja na sauti za nyumba aliyotoka: kikohozi, mlio wa simu, ugomvi, jina la mtu ambaye hayupo tena duniani. Kumsikia akimwita huyo jioni ni jambo la kuhuzunisha. Mjibu kwa sauti ya upole. Baada ya muda ataongeza majina ya kwenu.

Kelele za alfajiri na machweo ni za kasuku wote; kakatua hupita kiasi. Tofauti ni kwamba ya mkubwa unaweza kwenda kuisikia kabla ya kuamua.

Afya

Makinda na ndege wenye umri mdogo ndio wanaoumizwa zaidi na ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo, ambao hauna dawa ya kuuponya. Kipimo cha damu kipo, kidai. Homa ya kasuku, inayoletwa na bakteria Chlamydia psittaci, huweza kubebwa na ndege wa umri wowote bila dalili, na humwambukiza binadamu. Kama una ndege wengine, mgeni akae chumba cha peke yake siku 30 hadi 45.

Kwa mkubwa, tazama matokeo ya miaka ya mbegu tupu: upungufu wa vitamini A, mafuta kwenye ini, na kwa kasuku wa kijivu upungufu wa kalisi. Mengi hurekebishika. Manyoya aliyojinyonyoa kwa miaka mingi huenda yasiote tena hata akiwa na furaha na afya, kwa hiyo mchukue kwa sababu unamtaka alivyo. Ukimchukua ili umrudishie urembo, mtachoshana.

Hatari za nyumbani hazibagui umri. Kikaango chenye utando wa kuzuia chakula kushika, kikizidi moto, hutoa hewa inayoweza kumuua kasuku kwa dakika chache hata akiwa chumba kingine. Parachichi, chokoleti, kahawa na pombe ni sumu kwake. Na kama kuna mwenye pumu nyumbani, fahamu kuwa kasuku wa kijivu, kokateli na kakatua hutoa unga mwingi kwenye manyoya. Hili likiwa tatizo, badilisha aina, kwani umri hausaidii.

Karatasi zake

Katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, kasuku wa kijivu aliwekwa katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Kinda wa halali kwa kawaida ana pete isiyo na kiungo mguuni, inayovishwa akiwa mdogo mno, pamoja na karatasi za mzalishaji. Kwa mkubwa, mambo huweza kuwa na ukungu, hasa akiwa amepita mikono mingi. Asiyevumilia kabisa kuona binadamu, asiye na pete wala karatasi, huenda alitolewa porini. Kumchukua kunaweza kukuingiza matatani na sheria, na kumzoesha ni kazi ya watu wenye uzoefu.

Kwa hiyo nani amchukue nani

Kama huyu ni kasuku wako wa kwanza, na una subira lakini saa zako za nyumbani si nyingi, ningekuelekeza kwa mkubwa: aliyezoea kukaa peke yake baadhi ya saa, ambaye tabia yake umeiona kwa macho, na ikiwezekana kokateli kabla ya kasuku wa kijivu. Kama una watoto wadogo, ningesema hivyo hivyo, ila awe ndege aliyewahi kuishi na watoto. Mkubwa anayejulikana kung'ata kwa nguvu aende kwa aliyekwisha kufuga.

Kinda anamfaa mtu aliyeko nyumbani muda mwingi, mwenye umri wa kumzeesha ndege, anayejua balehe itakuja na haitamvunja moyo. Watu hao wapo, na wakipata kinda mwema kutoka kwa mzalishaji mwaminifu hufanya kazi nzuri. Ni wachache kuliko wanaojidhania.

Kwa vyovyote, nenda kumtazama zaidi ya mara moja, mara moja iwe jioni. Kwa mkubwa uliza alikuwa analala saa ngapi, anakula nini hasa, anaogopa nini, anapenda nani, alimng'ata nani mara ya mwisho na kabla ya hapo kulitokea nini. Mwenyewe anayejibu maswali haya kwa urefu, hata kama majibu ni mabaya, amekupa zaidi ya anayesema "hana shida yoyote."

Kwa kinda, angalia macho. Kinda wa kasuku wa kijivu ana macho meusi. Yanageuka kijivu, kisha manjano hafifu anapokaribia miaka miwili. Ukiambiwa ana miezi mitano na macho yake ni ya manjano, umri uliotajwa si wa kweli. Kisha omba umwone akila mwenyewe, bakuli zima, bila sindano. Ukiambiwa uje wiki ijayo kwa kuwa leo ameshashiba, njoo wiki ijayo, na usilipe chochote hadi umemwona akila.